Kiti cha Kushoto

Siku ya kupeleka mahari ya mwanangu Gaël, msemaji wetu alikuwa kaka yangu Astère, na bila yeye hakuna neno ambalo lingeanza. Gaël na wenzake walishatangulia Muramvya, kwa kina bibi harusi. Tuliobaki nyumbani Kamenge tulikuwa watatu: Astère na suti yake mpya, mimi Consolate, na binti yangu Benite, dereva wetu, mwenye miaka kumi na minane na permi ya kuendesha aliyoipata juzijuzi. Tulishachelewa, maana siku hizi mafuta hayapatikani bila foleni, na baba wa bibi harusi si mtu wa kutaniwa. Alishasema kwamba wakwe wasiojua saa watarudi na mahari yao.

Gari letu, kama mengi ya Bujumbura, lina usukani upande wa kulia, na barabarani tunaendesha kulia pia. Dereva akiwa nyuma ya lori, anaona lori tu. Anayeona kinachokuja ni aliyekaa kiti cha kushoto. Yeye ndiye anayesema pita au ngoja. Astère alikaa hapo bila kuuliza mtu, kwa kuwa ni mkubwa.

Mlimani tukakwama nyuma ya lori la saruji lililokuwa likitambaa, vijana wa baiskeli wamening'inia nyuma yake kama kawaida yao.

"Pita," Astère akasema. "Barabara iko nyeupe."

Benite hakupita.

"Nimesema pita! We unasikia?"

"Nasikia, Tonton. Bado."

Damu ikanichemka. Mtoto wa juzi anambishia kaka yangu! Kichwani nilimwona Gaël wangu akirudishwa mlangoni mbele ya watu.

"Benite! Tonton anakuambia pita, we nani wa kukataa? Unaharibu mahari ya kaka yako!"

"Mama, mi sioni. Siwezi kupita kitu sioni."

Haki ya Mungu, nilitaka kumfinya sikio. Barabara ikapinda kulia, na kwenye kona kama hiyo hata dereva wa kulia huchungulia kidogo. Benite akanyoosha shingo.

"Tonton, unaona nini pale juu?"

"Hakuna kitu! Pita, nakuambia!"

Akabaki nyuma ya lori. Mara baiskeli ikatupita kwa kasi ikishuka, imebeba mikungu ya ndizi huku na huku, mwenyewe amejikunyata juu yake.

Kama Benite angetusikiliza, yule mtu angekuwa juu ya boneti yetu, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele.

Benite akawasha taa ya ishara, akasimama mahali papana, akavuta breki ya mkono.

"Tonton, unisamehe. Ile baiskeli nilishaiona kwenye kona. Miwani yako iko wapi?"

Astère akakohoa. "Ilibaki nyumbani. Ju ya mapicha. Miwani inanizeesha."

Nilishindwa kujua nicheke au nimpige.

"Basi Mama atakaa mbele," Benite akasema. "We upumzike nyuma, Tonton, utengeneze maneno yako vizuri."

Alisema kwa adabu hadi mtu akakosa pa kushika ugomvi. Kaka yangu, ambaye hajawahi kumpisha mtu kiti, akashuka na suti yake, akazunguka nyuma.

Kuanzia hapo macho yalikuwa yangu. "Ngoja. Ngoja tena. Sasa pita." Kila mara aliniuliza, "Uko sûre, Mama?" Nilipositasita kidogo tu, hakupita. Niliona aibu kwa kelele zangu, lakini fahari ilizidi aibu. Kifua kilinijaa mpaka mkanda ukanibana.

Tulifika watu wote wameshaketi. Gaël hakunitazama. Baba wa bibi harusi alikuwa amekunja uso. Astère akasimama, na mimi nikajua atasingizia foleni ya mafuta.

"Mzee," akasema kwa Kirundi chake kizuri, "tumechelewa, na kosa ni langu. Niliacha miwani nyumbani, nikamwamuru dereva wetu apite mahali ambapo mimi mwenyewe sioni. Ni mtoto, mimi ni mkubwa, na alinikatalia kwa heshima. Ndiyo maana nimesimama hapa mzima, na kuna muuza ndizi aliyefika kwake mzima. Kama kuna adhabu, nipewe mimi."

Mzee akaangaza macho kati yetu.

"Huyo mtoto ni nani? Asimame tumwone."

Kabla Benite hajanyanyuka, mimi nilikuwa nimeshasimama.

"Ni wangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyemzaa."

Watu wakacheka. "Tumekuona, mama," mzee akasema. "Kaa, tumwone dereva."

Benite akasimama, macho chini. Mzee akamtazama vizuri, kisha akamgeukia mkewe.

"Mwiteni binti yetu aje. Gari la watu hawa, mwanangu anaweza kulipanda."