Mashine Inaijua Kadi

Katika wodi ya wanawake, manesi wenzake walimwita Mama Kadi, na jina lenyewe halikuwa la kumtania kwa ubaya. Lilikuja pamoja na kompyuta. Enzi za mafaili ya karatasi nesi alivuta faili, akaandika, akalirudisha, basi. Ulipoingia mfumo mpya kila mfanyakazi akapewa kadi yenye picha yake ya kuchomeka kwenye mashine, na neno la siri la kuandika baada ya kadi. Neno hilo lilitakiwa liwe refu, liwe na tarakimu, liwe na alama moja ya ajabuajabu, na ukishalizoea tu mashine inadai jingine. Ukigeuka kumtazama mgonjwa, skrini inajifunga. Ukirudi unaanza upya: kadi, neno, subiri, kile kiduara kinazunguka mpaka macho yanauma, na huku nyuma mgonjwa anaitisha beseni la kutapikia.

Wodi ilipewa kompyuta mbili. Moja ilikufa mapema, ikafunikwa shuka kama maiti. Iliyobaki ndiyo iliyogombaniwa na zamu nzima.

Hapo ndipo kadi yake ilipopata umaarufu. Alikuwa mtu wa kuwahi kazini, kwa hiyo yeye ndiye aliyeifungua mashine asubuhi, na akaona hasara kuitoa kadi kila anapoinuka. Akawa anaiacha. Kila aliyepita pale aligusa kitufe kimoja skrini isilale, akaandika vipimo vya mgonjwa wake, akaendelea na safari. Hapakuwa na kikao kilichopitisha jambo hilo. Uchovu ndio uliolipitisha.

"Mama Kadi, siku ukiugua utatuua," wenzake walimwambia.

"Nikiugua nitawatumia kadi, mimi nibaki nyumbani nilale," aliwajibu, wakacheka, kila mtu akashika njia yake.

Nyumbani alikuwa na wifi, mdogo wa mumewe, kitinda mimba wa familia yao, aliyekuja kukaa naye tangu meno ya utoto hayajaisha kung'oka. Alimwogesha, akamsuka, akamwandikisha shule. Ndiye pia aliyekuwa wa kwanza kumwona akianguka jikoni, macho yamegeuka, povu mdomoni, na akajua mara moja kuwa ni kifafa. Tangu alipoanza dawa, binti alitulia. Alimaliza masomo, akapata kazi kwenye duka la miwani, akapanga chumba chake mwenyewe. Kliniki aliendelea kuhudhuria hospitali ile ile ya wifi yake, na habari zake zote zilikuwa ndani ya mfumo.

Mwaka huo alichumbiwa na mwalimu wa sekondari, mtu mpole asiyejua hata kupandisha sauti.

"Umemwambia?" Mama Kadi alimuuliza siku moja wakichambua mboga.

"Bado. Nitamwambia mwenyewe, wifi. Natafuta maneno."

"Usikawie kuyatafuta."

"Najua. Ila niachie mimi. Ni langu hili."

Akamwachia. Hakulitaja tena, hata kwa mumewe.

Basi Jumapili moja alasiri binti aliingia bila hodi. Hakukaa, wala hakuupokea ule mkono wa salamu. Mumewe Mama Kadi alikuwa kochini na gazeti, akalishusha polepole.

"Wifi, umenifanyia nini?"

"Nimefanya nini tena?"

"Nimetoka kwa kina mwalimu. Mama yake ameniuliza mbele ya watu, vikombe vya chai mkononi: 'Mwanangu, zile dawa za kifafa bado unameza?' Mwalimu ananitazama. Dada zake wananitazama. Mimi natazama chai." Alimtazama kaka yake pale kochini, kisha akamgeukia wifi. "Nani anajua, wifi? Kaka anajua, na wewe unajua. Kaka hata jina la dawa yangu halijui. Wewe ndiye unayefanya kazi kule."

"Sijafungua mdomo, haki ya Mungu."

"Basi mdomo umejifungua wenyewe."

Alitoka. Mlango haukubamizwa, ulisukumwa taratibu ukajifunga, na hilo ndilo lililomchoma Mama Kadi zaidi. Mumewe aliendelea kuushika ule ukurasa mmoja kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Lakini kweli hukusema?" Mama Kadi alichukua beseni. Alikwenda uani, akaanua nguo ambazo hazijakauka.

Kesho yake alipomaliza zamu, miguu ikiwa imevimba, alishuka kwa fundi wa kompyuta. Ofisi yake ilikuwa kachumba chini ya ngazi, kimejaa kibodi zilizokufa na nyaya zilizoviringana. Fundi alikuwa mtu mzima, mwenye kikohozi kisichoisha na subira iliyokaribia kwisha.

"Nataka kujua nani amelifungua faili la wifi yangu," Mama Kadi alisema.

"Una barua ya ruhusa?"

"Sina. Nina wifi asiyenisalimia."

Fundi alimtazama, akavuta kiti, akamsogezea. Kisha akaanza kuchapa. Alichapa, akasoma, akachapa tena kana kwamba hakuridhika na alichokiona. Halafu akaigeuza skrini imwelekee.

Jina lililokuwa pale lilikuwa lake. Picha yake kwenye kona, ile aliyopigwa akiwa na mafua. Siku: Alhamisi iliyopita. Saa: ya chakula cha mchana.

Aliisogelea skrini, akalisoma jina tena. "Si mimi huyu."

"Ndivyo inavyosema."

"Alhamisi mchana nilikuwa nimepiga magoti kando ya bibi wa kitanda cha dirishani. Dripu ilikuwa imetoka kwenye mshipa, mkono umemvimba kama boga, analia. Hata chakula sikula."

"Nakuamini, Sista." Fundi alikohoa, akajifuta mdomo. "Lakini mashine haimjui mtu. Mashine inaijua kadi."

"Sasa tunafanyaje?"

"Sasa ndiyo kuna kazi. Umeniuliza, nimetafuta, na huko kutafuta kwangu nako kumeandikwa humu humu. Siwezi kusema sijaona. Lazima niripoti." Alivua miwani akayafikicha macho. "Niliwaomba watununulie zile kadi za kupitisha tu, unagusa inafunguka, unaondoka inafunga. Wakasema bajeti. Nikaomba tena, wakasema nisubiri. Siku hizi siombi."

Walikaa hivyo kidogo, watu wawili waliochoka, wakitazama ile picha ya mwanamke mwenye mafua.

Wito wa metroni, mkuu wa manesi, haukuchelewa. Ofisi yake ilikuwa safi, pazia limepigwa pasi, na juu ya meza kulikuwa na karatasi moja tu.

"Kadi yako ulimwazima nani, mwanangu?"

Swali lilikuwa fupi, lakini jibu lake lilikuwa na wodi nzima ndani. Mama Kadi aliwaza wenzake mmoja mmoja: mwenye mimba changa, mwenye mume asiye na kazi, yule ambaye tayari alikuwa na onyo. Akawaza pia siku wakaguzi walipokuja ghafla, metroni mwenyewe alivyokikalia kiti cha kompyuta na kuchapa mbio mbio, akisema, "Iache hapo hapo, usiitoe." Ilionekana na metroni naye ameikumbuka, maana alianza kuzipanga kalamu zake ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

"Sikumwazima mtu," alisema. "Niliiacha kwenye mashine. Kosa la kuiacha ni langu. La kulifungua faili si langu."

"Nitaandika hivyo," metroni alisema kwa sauti ya chini. "Na onyo nitalazimika kukupa."

"Nipe tu, mama. Nina mgonjwa anasubiri sindano."

Mchana huo, katika chumba cha kubadilishia nguo, mwenzake wa zamu alimfuata. Huyu walimwita Tajiri, kwa kuwa mkoba wake haukukosa kitu: pini, uzi, pipi ya kifua, kanga ya akiba. Wodi nzima ilikuwa na deni la shukrani kwake. Leo mkoba ulikuwa begani na yeye alikuwa ameegemea kabati, midomo imemkauka.

"Wamekupa onyo?"

"Wamenipa."

"Ni mimi," Tajiri alisema.

Mama Kadi alikuwa akifungua vifungo vya gauni la kazi. Vidole vilisimama.

"Mama yake mwalimu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Alinijia akaniuliza, yule binti wa watu ni mzima? Nikamwambia ni mzima, binti mzuri. Akasema, niapie. Nikaona niapeje kitu nisichokijua? Siku ile kadi yako iko pale, kila mtu amekwenda kula. Nikafungua ili nipate kumwapia bila kusema uongo." Aliushika mkanda wa mkoba. "Nikaona kifafa. Jioni aliponiuliza tena, sikusema, nakuapia. Nilishindwa tu kusema ni mzima. Nikababaika. Yule mama ana jicho. Aliniuliza ugonjwa baada ya ugonjwa, na alipofika kwenye kifafa nikatazama chini."

Mama Kadi alitarajia hasira impande. Haikupanda. Kilichokuja ni uzito, kama wa mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujakolea. Aliketi kwenye benchi, gauni nusu limevuliwa.

"Twende," alisema hatimaye.

"Kwa metroni?"

"Kwa metroni utakwenda wewe mwenyewe. Mimi nakupeleka kwa wifi yangu."

Walimkuta kwenye duka la miwani, akifuta vioo. Alitaka kuwapita aende nyuma, lakini Tajiri alimshika kiwiko na kumweleza yote pale pale, mbele ya safu za fremu tupu, bila kujipunguzia. Binti alisikiliza huku kitambaa kikizunguka kwenye kioo kile kile. Tajiri alipomaliza na kuanza kulia, alimpa kile kitambaa.

Kisha akamgeukia wifi yake. "Kwa hiyo si wewe."

"Si mimi."

"Nilikusema vibaya. Kaka nilimwambia maneno mabaya zaidi." Aliirudisha fremu moja kwenye safu. "Lakini wifi, wewe unanijua. Unajua nilivyoificha. Ukajua faili langu limo mle, na kila asubuhi ukaiacha mashine wazi."

Mama Kadi alikuwa na majibu. Angeweza kumweleza habari za kiduara kinachozunguka, za kompyuta iliyofunikwa shuka, za bibi wa dirishani na mkono wake. Yote yalikuwa ya kweli. Aliyatafuta akayaona mepesi mno mbele ya uso ule.

"Niliiacha," alisema. "Nisamehe, mdogo wangu."

Tajiri alikwenda kwa metroni siku iliyofuata. Alisimamishwa kazi kwa muda, na aliporudishwa alipelekwa stoo ya vitambaa, mbali na wagonjwa. Mama Kadi alibaki na onyo lake, maana kadi ilikuwa kadi yake. Uongozi ukatoa amri mpya ikabandikwa ukutani: kuanzia sasa skrini itajifunga upesi zaidi kuliko mwanzo. Kadi za kupitisha hazikutajwa. Akawa anachomeka na kuchomoa, anachomeka na kuchomoa, dawa zinachelewa, wagonjwa wananung'unika, na wenzake wakimwomba aiache dakika moja tu, anatikisa kichwa. Hawakumwita tena Mama Kadi. Walimwita Sista, na salamu zikawa fupi.

Mwalimu alikuja kwa binti akauliza kwa nini hakumwambia. Binti naye akamuuliza kwa nini hakuja kuuliza yeye, akamwachia mama yake. Uchumba haukuvunjika, wala harusi haikupangiwa siku. Walikuwa wanazungumza, basi, jioni baada ya jioni, mambo ambayo wangeyazungumza tangu mwanzo.

Kwa kaka yake, binti alikaa muda bila kufika. Jumamosi moja akaja, akasalimia, akaingia jikoni akaanza kuosha vyombo bila kuombwa. Mama Kadi alikuwa anasuuza. Maji yalikuwa yanapita mikononi mwao na hakuna aliyekuwa na haraka.

"Jumatatu nina kliniki," binti alisema.

"Nije nawe?"

Binti alifikiri, sufuria mkononi.

"Njoo. Lakini ukae nje."

Jumatatu Mama Kadi aliomba ruhusa kazini. Alivaa gauni lake la kawaida, si la kazi, akakaa kwenye benchi la korido kati ya watu wengine, na mlango wa daktari ulipofungwa nyuma ya wifi yake hakusogea. Mama mmoja aliyekuwa pembeni alimuuliza kama anajua foleni itachukua muda gani. Akasema hajui, akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho.