Kola Nane za Fundi Mmoja

Mkaguzi aliyatandaza mashati manane juu ya meza ya kukatia, akageuza kola moja baada ya nyingine, kisha akavua miwani.

"Mwalimu, una wanafunzi wanane," aliniambia, "lakini kola hizi kazishona mtu mmoja."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kila fundi ana mkono wake. Mimi nikifika mwisho wa kola hurudisha mshono nyuma mara mbili, wala sina habari kwamba nafanya hivyo, na alama hiyo ilikuwa kwenye ncha zote kumi na sita. Mama yule mkaguzi hakupiga kelele. Alisema angerudi baada ya wiki mbili, akae kitini amtazame kila mmoja akipachika kola yake mwenyewe. Atakayeshindwa hapati cheti, basi.

Jamani, sikuwa mdanganyifu. Ni mikono yangu tu, haijui kutulia. Nikimwona mtu anashona vibaya, mwili mzima unaniwasha kama nimekalia siafu. "Lete hapa!" ndilo lilikuwa neno langu. Nafumua, napachika, narudisha. Wao wanashukuru, mimi naona nimefundisha. Kumbe!

Aliyezoea zaidi ni Siwezi. Jina hilo nilimbandika mimi, kwa utani, maana kila alipokwama alianza nalo: "Siwezi, mwalimu." Alikuwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, aliyeacha kazi ya kufagia ofisi za watu ili apate ufundi mkononi. Darasa zima likamwita hivyo, naye akaitika. Kosa lake lilikuwa moja tu: alianza kola kwenye ncha moja ya shingo akaenda nayo hadi nyingine, shingo ikavutika njiani, na mwishoni kola ikapelea kwa upana wa vidole viwili. Kola huanzia katikati, nyuma ya shingo. Nilishamwambia mara ishirini, lakini mara zote ishirini kola ilikuwa mikononi mwangu.

Nyumbani nilimlalamikia mke wangu kwamba mwanamke yule ana kichwa kigumu. "Kosa si kosa," nilisema, "kosa ni kurudia kosa."

"Haya, bwana," alijibu bila hata kuinua macho. "Mwanao ana miaka tisa. Leo asubuhi nani kamfunga kamba za viatu?"

Kesho yake nilimwacha mtoto afunge mwenyewe. Tukachelewa, nikamfokea, tukachelewa zaidi.

Darasani nilitangaza kwamba hakuna kuniletea kitu. Wembe wangu wa kufumulia nikauweka mezani, wa kila mtu. Siku zile nilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia: dirishani, mlangoni, kabatini, narudi. Saba walihangaika, wakaanza kupata. Siwezi alifumua kola ya tatu, ya nne, mpaka kitambaa kikachakaa shingoni. Ya tano alinitupia mezani.

"Mwaka mzima unaniita Siwezi," alisema, machozi yanamlenga. "Leo unataka niweze?"

Niliona aibu kubwa kuliko ile ya mbele ya mkaguzi, maana mkaguzi sikuwa nimemkosea.

"Nisamehe, mama," nilisema. "Hebu nionyeshe inapoanza kukukimbia."

Akaivuta kola kwake, akapitisha kidole. "Huku mwanzo imekaa. Hapa nusu inaanza kwenda. Huku mwisho ndiyo hivyo tena." Akaniangalia. "Kwa nini?"

Nilikuwa najua. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na mikono imeshaanza kuondoka mfukoni. "Wewe unaonaje?" nilisema, nikajiuma ulimi.

Aliilaza kola juu ya shingo ya shati, akaiondoa, akailaza tena. Kisha akaikunja kola katikati, ncha kwa ncha, akaikunja na shingo ya shati vivyo hivyo, akachukua chaki akatia alama kwenye mikunjo yote miwili. Akaanza kupachika kutoka hapo kwenye chaki, nami nikairudisha mikono mfukoni.

Mkaguzi alirudi siku aliyosema. Hadi saa sita mchana, wanafunzi saba walikuwa wamemaliza, mkaguzi amewawekea alama, na sauti ilibaki ya cherehani moja. Ghafla nayo ikakatika. Siwezi alikuwa amenyoosha shati kuelekea kwangu, kwa mazoea tu, na mkono wangu ulishafika katikati ya njia. Mkaguzi aliutazama mkono ule. Niliurudisha, nikaukalia.

Siwezi akalitazama shati kama aliyeshtuka kulikuta hewani. Akalirudisha mapajani, akamalizia mshono, akakata uzi, akalipeleka mwenyewe.

"Nani kashona?" mkaguzi aliuliza.

"Mimi."

Mkaguzi aligeuza kola, akapitisha kidole kwenye ncha zote mbili, akanitupia jicho. Hapakuwa na alama yangu. "Imefika," alisema. "Ila upande wa kushoto imepinda kidogo."

"Naona," alisema Siwezi. Alikuwa ameshachukua wembe. "Naifumua sasa hivi."

Kalamu ya mkaguzi ilikuwa tayari juu ya karatasi. Alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi niliyekalia mkono, kisha akaifunika kalamu, akavuta kiti karibu na cherehani, akaketi.