Mpokeaji wa Pili

Miaka ishirini na sita nimefanya kazi ya kusafirisha mizigo huku ughaibuni, Deira, na sikupoteza hata kasha moja. Naanza na hilo, asije mtu akanambia mimi bibi kizee nisiyejua mambo. Ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la mablanketi, na kila mzigo uliokwenda Unguja au Mombasa ulipita mkononi mwangu: hati, namba ya sili, jina la mpokeaji, na jina la mpokeaji wa pili. Huyo wa pili ndiye anayepigiwa simu wa kwanza asipopatikana. Wenzangu wakiliacha tupu lile pengo, nikiwarudishia karatasi zao. "Na huyu akifa, je?" nikiwauliza. "Mzigo ukamsubiri kaburini?"

Mwaka juzi, nimeshastaafu, mtu aliingia kwenye barua pepe yangu akawaandikia jamaa zangu maneno ya aibu kwa jina langu. Wengine wakaamini, wajinga wakubwa. Nikampigia Khelef, mtoto wa kaka yangu, anayetengeneza kompyuta kwenye ghala moja Jebel Ali. Akaja Ijumaa baada ya swala, akala wali wangu mpaka akalegeza mkanda, ndipo akaniuliza neno langu la siri lilikuwa lipi.

"Jina langu, Tufaha, na mwaka niliozaliwa," nikamwambia.

"Kwenye barua pepe?"

"Kila pahala. Simu, tableti, kompyuta, mpaka maji na umeme."

"Lahaula! Shangazi, wewe uliyekuwa unafunga makasha ya watu kwa sili mbili!"

Nikamwambia mganga hajigangi, na aache domo afanye kazi.

Akanieleza kuwa zipo programu za kutunzia maneno ya siri. Unakumbuka neno kuu moja tu, mengine yote yanakaa humo ndani, na ukiandika kitu kwenye simu utakikuta kwenye tableti na kwenye kompyuta. Akanitajia tatu. Mimi nikamsaili kama nilivyokuwa nikiwasaili wenye maghala. Mwenye programu anao ufunguo? Wa kwanza anao, Khelef akasema. Basi huyo aende zake, mwenye ghala mwenye ufunguo ndiye mwizi wa kwanza. Wa pili je? Huyo ni bure, lakini anakaa kwenye simu tu. Na simu ikitumbukia ndooni? Khelef akacheka. Wa tatu anafunga kila kitu humo humo kwenye kifaa chako kabla hakijatoka, na hata yeye mwenyewe hawezi kusoma. Anakaguliwa na watu wa nje kila mwaka, na taarifa zao anaziweka wazi. Nikasoma taarifa hizo siku tatu, miwani puani. Nikamchukua huyo wa tatu, nikaliita kasha langu.

Tulipokuwa tunalitayarisha, likatokea pengo la mwisho: mtu wa dharura. Khelef akanieleza taratibu. Huyo mtu akiomba kufunguliwa, kasha litakuletea habari wewe kwanza. Ukikataa, yamekwisha. Usipojibu siku saba, litamfungulia, maana litajua umekufa au hujiwezi.

"Si lazima, shangazi. Liache tupu."

"Pengo haliachwi tupu," nikasema. "Huyo ni mpokeaji wa pili."

Nikamwandika Thamer. Mimi nina mtoto mmoja tu, Kuruthum, na Thamer ndiye mumewe. Sina mtoto wa kiume, na kwetu mkwe ni mwana. Alikuwa kijana mpole, imamu akichelewa yeye ndiye anayesukumwa mbele asalishe. Alipopata ule mwaliko wa kasha akaukubali papo hapo, akaja kunibusu kichwani. "Mungu akupe umri mrefu, mama," akasema, "nisiwe na haja ya kulifungua."

Mwezi wa Rajabu mwaka huu Kuruthum alikuja kwangu na mkono umefungwa plasta. Aliniambia ameanguka bafuni. Mjukuu wangu Afra, ana miaka minne, ndiye aliyesema: "Baba kauvunja." Alisema hivyo huku anakula mkate wa kumimina, hakuacha hata kutafuna. Nililia siku ile, sioni haya kusema. Nililia kwa hasira, nikatamani nimkute yule mpole nimchape kwa mwiko.

Thamer alikuwa ameshamwambia Kuruthum: ukinishitaki, namchukua Afra, namtoa nchi hii, na hamtomwona tena. Akalisema kwa sauti ya chini, mikono kaikunja kifuani. Kuruthum akashitaki hivyo hivyo. Kesi ya malezi ya mtoto ikapangwa wiki ya pili baada ya Idi, na mpaka siku hiyo kilichobaki ni kimoja tu: Thamer asimpate Afra.

Nikawapeleka Kuruthum na mtoto mji wa Ras al Khaimah, kwa rafiki mmoja aliyesoma na Kuruthum. Tukaahidiana kuwa asinipigie mimi, nisimpigie yeye, mpaka Idi. Na asimfungulie mlango mtu yeyote, hata akisema nimemtuma mimi, ila akilisema neno letu. Neno lenyewe alilichagua Kuruthum, mchezo wake na marehemu baba yake alipokuwa mdogo: *sahani tatu za halua, moja ya paka*. Nani duniani angelijua hilo?

Mambo kama hayo huandiki kwenye karatasi. Nyumba yangu watu wanaingia wanatoka, na Thamer mwenyewe alikuwa bado anakuja kunisalimia, kwa adabu zake zote. Nikayatia kwenye kasha. Jina la jengo, namba ya mlango, namba mpya ya simu ya Kuruthum, na neno. Na kwa kuwa sikuwa nikimwamini tena yule mtu, nikabadilisha neno kuu. Niliweka sentensi ndefu yenye maneno saba, nikaihifadhi kichwani kama sura ya msahafu. Ah, nilijiona hodari! Sikumwambia mtu, hata Khelef. Alinipigia akaniuliza, "Shangazi, mbona sauti yako hivyo, kuna jambo?" nikamjibu nina mafua. Siri ya watu wawili ikiingia wa tatu si siri tena.

Ramadhani ikaingia. Wanaonijua wanajua ada yangu: kumi la mwisho nazima simu, nazima tableti, nazima kompyuta, vyote natia kwenye mtoto wa meza ya kushonea, nafunga kwa ufunguo. Nafanya hivyo tangu nilipokuwa bado kazini, na mabosi walikuwa wakinitania kuwa hata meli ikizama mimi nitaambiwa Idi pili. Anayenitaka agonge mlango.

Mwezi kumi na tisa wa Ramadhani, alasiri, Thamer akagonga. Kaleta tende nzuri, zile laini, amezipanga mwenyewe kwenye sahani. Akakaa kiti kile kile alichokuwa akikaa siku zote. Hakuuliza habari ya mkewe. Hakuuliza habari ya mtoto. Alinitazama nikikata maboga ya futari, akaniuliza:

"Mama, mwaka huu nao utazima simu?"

"Kama kawaida."

"Na tableti, na kompyuta?"

"Vyote vitatu, mwanangu. Kwani umeona nimebadilika?"

"Hapana," akasema, akatabasamu. "Ndivyo ninavyokujua. Mungu akutakabalie."

Alipotoka nikaenda kunawa mikono. Zile tende sikuzila, nikampa mlinzi wa jengo. Lakini kukasirika kwangu na tende kulinisaidia nini? Kesho yake kabla ya magharibi nilizima vifaa vyote vitatu kwa mkono wangu mwenyewe, kimoja baada ya kimoja, nikageuza ufunguo.

Kumi lile niliswali vizuri, ila kila nikisujudu namwona Afra anatafuna mkate. Nilimwombea kwa jina. Mara mbili nilisimama mbele ya ile meza, ufunguo mkononi, nataka kutazama tu. Mara zote mbili nikajikemea: we Tufaha, huna subira hata ya siku kumi? Nikarudi kwenye mswala wangu.

Asubuhi ya Idi niliswali, nikarudi, nikapika chai ya maziwa. Nguo ya Afra nilikuwa nimeishona mwenyewe, ya rangi ya zambarau, na viatu vyake bado vimo kwenye boksi. Nikaitandaza kitandani niitazame. Tulikubaliana kuwa siku hiyo ndiyo nitampigia Kuruthum. Nikafungua mtoto wa meza, nikawasha simu.

Ikalia, ikalia, salamu za Idi zinamiminika. Katikati ya salamu nikaona jina la kasha. Barua tatu.

Ya kwanza ya mwezi ishirini na moja. *Thamer ameomba kufungua kasha lako. Kama hukubali, kataa ndani ya siku saba.* Ya pili ilikuwa ya kukumbusha, ya mwezi ishirini na sita. Ya tatu ya mwezi ishirini na nane, nayo haikuwa na maneno mengi. *Hatukupata jibu lako. Thamer amefunguliwa.*

Niliisoma nimesimama. Nilibadilisha neno kuu, jamani. Nilibadilisha kufuli, na hati nikaiacha na jina lake. Lile pengo nililolijaza kwa kiburi mwaka juzi sikulirudia hata kulitazama, maana kwa miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kulijaza, haikuwa kulifuta. Khelef angenambia kwa neno moja. Nami nikamwambia nina mafua.

Vidole vyangu vilikosea namba mara mbili. Simu ya Kuruthum ikaita mlio mmoja tu, akapokea.

"Mama! Idi njema!" Sauti yake ilikuwa nyepesi, sijaisikia hivyo tangu Rajabu. "Wallahi umenitia furaha leo. Mimi nilidhani hutomwona mpaka kesi ishe."

"Nani, mwanangu?"

"Afra! Yule mama uliyemtuma kaja mara tu baada ya swala. Kasema bibi yake anataka kumpa mkono wa Idi na kumvisha nguo, atanirudishia jioni. Mimi nilitaka kufuatana naye, akasema umekataza nisitoke, nisije nikaonekana. Nikasema kweli, ndivyo mama alivyo. Na usinigombeze, neno nilimuuliza. Nilimuuliza mara mbili. Kalisema lote, mpaka na paka."

Niliitazama nguo ya zambarau pale kitandani, na mikono yake midogo nilivyoinyoosha.

"Mama? Wameshafika, au bado wako njiani? Mpe simu basi, nimsikie."