Ngoma ya Mtoto wa Ardhi

Ukungu wa bahari uliingia mjini Guadalupe mchana huo, ukameza mashamba ya stroberi, na jikoni kwa Eulalia dunia ikawa imesinzia. Mezani palikuwa na ndoo ya mchanga. Ndani yake alijificha nyenje asiye na mabawa, kichwa upara, tumbo la milia, yule ambaye watu wa pale humwita mtoto wa ardhi. Crescencio, mumewe, alimchimbua kwenye vilima vya mchanga wiki moja kabla ya kufa.

"Mtupe huyo, wifi," alisema Obdulia, dada wa marehemu, akivuta kiti nyuma. "Hulia kama kichanga, na akikuuma ndiyo basi tena."

"Halii, wala hana sumu. Hupiga ngoma kwa tumbo."

Daftari la Crescencio lilikuwa wazi. *Kwa sura wanafanana*, aliandika, *ngoma ndiyo jina lao.* Kila aina ilikuwa na ukurasa wake na nukta za midundo yake. Ukurasa wa nyenje wa vilimani ulikuwa na alama ya kuuliza tu. Eulalia alitaka kuujaza kabla mdudu naye hajafa. Siku tatu alikuwa amegonga ndoo kwa midundo yote ya daftarini, asijibiwe, na roho ilimuuma.

Obdulia alimtazama akigonga, akacheka. "Umemrithi kaka! Tangu ujanani, siku ile aliporudi toka vilimani mchanga umejaa sikioni, hakuacha kugonga. Meza, sahani, hata jeneza la mama!"

Akamwigiza mezani: midundo miwili ya haraka, kimya kidogo, mmoja.

Mchanga ukajibu. Du-du. Du.

Obdulia alikuwa mlangoni tayari, akifanya ishara ya msalaba. Eulalia hakusogea. Midundo hiyo aliijua vizuri; kwa miaka thelathini Crescencio aliigonga ubaoni pa kitanda, na mgongoni mwa mkewe. "Niache nilale," ndivyo Eulalia alivyomjibu kila mara. Kumbe siku ile ya ujanani mzee aliisikia ngoma hiyo, sikio mchangani, asimwone mpigaji, na asichokiona hakukiandika.

Alichukua penseli, akafuta alama ya kuuliza, akatia nukta mbili, nafasi, nukta moja. Kisha akagonga ndoo tena, taratibu, machozi yakimtiririka.

"Sasa unafanya nini, wifi?"

"Namwambia kaka yako nimeamka."