Nani Atabaki na Profesa

Profesa alimkaribia binti yangu polepole, akamnusa vidole, kisha akaweka kichwa juu ya goti lake. Bridget akazamisha uso katika zile nywele za kahawia zilizojikunja. Mimi sikumtazama mbwa. Nilikitazama kifua cha mwanangu jinsi kilivyopanda na kushuka chini ya sweta, mkono wangu ukiwa ndani ya mkoba, umeshika inhela.

"Msimwondoe," alisema Mwalimu Seline, mwenye mbwa. "Mwacheni apumue. Kama kifua kitambana, kitambana hapa, mkiwapo wazazi wote wawili."

Bridget ana pumu tangu akiwa mchanga. Paka wa jirani tulimfukuza. Sungura aliyepewa na shangazi yake alirudishwa siku hiyo hiyo, na mtoto akajifunza kuwapenda wanyama kupitia dirishani. Ndipo mume wangu Robinson aliposoma kwenye simu kwamba kuna mbwa waitwao poodle, ambao nywele zao hazipukutiki na hivyo hawasumbui vifua vya watu. Kuanzia hapo hakuwa na mazungumzo mengine. Alikuwa na duka la vipuri vya magari pale Mamboleo, nami nauza mapazia katika soko la Kibuye. Jioni tulipokutana mezani habari ilikuwa mbwa tu. Robinson si mtu wa haraka. Kubadilisha kufuli ya mlango kulimchukua msimu mzima wa mvua. Lakini mbwa huyu alimtafuta kama mtu anayekimbizwa, hadi akampata Mwalimu Seline, mwalimu mstaafu wa Milimani ambaye miguu ilikuwa imemchosha na alikuwa akijiandaa kurudi kwao Usenge bila mbwa wake.

Mwalimu hakutupokea kama watu waliokuja kuchukua kitu. Alituketisha, akaanza kutuhoji. Alichosoma Baba Bridget, alisema, kilikuwa nusu ya habari. Nywele hazipukutiki, ndiyo, lakini mate ya mbwa na vumbi la ngozi yake vinaweza kumbana mtoto vilevile. Hakuna mbwa wa kuaminiwa na mwenye pumu mpaka mwenye pumu akae naye. Tena nywele zisizopukutika hazikomi kukua. Zisipochanwa kila siku hushikana kama kamba ya katani, zikaivuta ngozi kila mnyama anapopiga hatua, na kupe wakajificha humo. Masikio yanayoning'inia, katika joto letu hili la unyevu, huoza upesi.

Akanipa kitana. Nikapiga magoti nikachana nyuma ya sikio la Profesa, penye fundo. Nimeshika vitambaa maisha yangu yote. Nililitegua bila kuvuta. Mwalimu alikuwa akiangalia mikono yangu, wala hakunisifu.

Maswali yaliendelea. Daktari wa mifugo tunamjua? Ua letu lina uzio? Kinyozi wa mbwa yuko mbali, je, tuko tayari kujifunza kushika mkasi? Robinson aliyajibu yote upesi, mgongo umenyooka, kama mtu aliyekuja kutafuta kazi. Feni ilizunguka juu yetu. Kifua cha Bridget kilipanda, kikashuka.

"Na mchana nani atabaki naye?"

Robinson alisema tutapanga.

Mwalimu aliinuka kwa shida, akainama mbele ya mbwa na kuzitenga nywele za mguu wake wa mbele. Chini yake ngozi ilikuwa na kovu refu, jeupe, lisiloota kitu. Profesa, alitueleza, aliletwa na Debra, binti wa Mwalimu, ambaye baadaye alipata kazi ng'ambo akaondoka. Miezi ile ya kwanza, kila alipoachwa peke yake, mbwa huyu alikwaruza mlango mpaka rangi ikaisha, kisha akaugeukia mguu wake mwenyewe na kuutafuna.

"Watu husema ana akili, wanafurahi," alisema. "Akili ndiyo inayomtesa. Anajua nani ametoka na nani hajarudi." Akamgeukia mume wangu. "Baba Bridget, sasa nakuuliza wewe. Jioni utakuwepo?"

Lilikuwa swali jepesi kuliko yote. Robinson alitazama dirishani, ambako ziwa lilionekana kati ya mapaa, limefunikwa na magugumaji kiasi kwamba mgeni angedhani ni malisho.

Bridget ndiye aliyejibu, uso bado umo ndani ya nywele za mbwa.

"Baba anaenda Juba. Alisema Profesa ndiye atakaa na sisi."

Nilimwona Robinson akifumba macho. Hakumkemea mtoto. Nikamuuliza lini, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ninayoulizia bei ya nyanya.

"Mwezi ujao."

"Umeshakubali?"

"Nimekubali, Naswa."

Akaanza kueleza. Duka lilikuwa limekufa kitambo, alikuwa akifungua milango tu ili nisijue. Binamu yake Wechuli alikuwa amemtafutia kazi katika gereji kubwa kule. Alipanga kuniambia nyumbani, mbwa akishazoea, ili siku ya kuondoka nyumba isiwe tupu sana. Aliongea kwa upole, na alimaanisha kila neno, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mtu anayekuhadaa kwa ubaya unaweza kumfokea. Nilimwangalia mwanangu. Alikuwa akipumua vizuri, bila mkoromo hata kidogo. Hofu yote niliyokuja nayo nilikuwa nimeiweka mahali pasipostahili.

Mwalimu Seline hakujifanya hakusikia. Alimwita mbwa, na Profesa akaenda, huku akigeuka nyuma.

"Leo simtoi," alisema. "Si kwa ubaya. Ameshaachwa mara moja. Nendeni mkaongee. Mama Bridget, ukiona unaweza, rudi wewe mwenyewe."

Bridget alijizuia mpaka langoni. Hapo kilio kilimtoka, na kilio kikavuta kifua. Nilisikia ule mlio mwembamba ninaoujua hata nikiwa usingizini, kama upepo unaopita chini ya mlango. Midomo ikaanza kupauka. Tulipiga magoti kwenye changarawe, Robinson akimshikilia mgongo wima, mimi nikiweka inhela mdomoni, nikibonyeza, nikimwambia avute, ashikilie, aachie, tena. Mikono yetu iligongana na hatukuombana radhi. Baada ya muda ambao siwezi kuupima, mabega yake yalishuka, hewa ikaingia.

"Kumbe ni mbwa," Robinson alisema, akihema. "Afadhali hatukumchukua."

"Si mbwa," nikasema.

Robinson alimbeba mtoto hadi barabarani, nami nikafuata nyuma nikiwa nimeshika viatu vilivyomvuka Bridget.

Tuliongea usiku huo, na mwingine, na safari haikubadilika. Alipoondoka sikumkimbilia Profesa. Nilijaribu kwanza kuiona siku yangu ikiwa na mbwa ndani yake. Nilizungumza na Kageha, tunayepakana naye sokoni, kama angevumilia mnyama alale chini ya meza yetu. Nilimtafuta daktari wa mifugo, nikamwona ana kwa ana. Nilimpeleka Bridget kwa Mwalimu kila Jumamosi, akae na Profesa, nimsikilize kifua. Siku ya mwisho kabla ya kuhamia Usenge, Mwalimu alinihoji upya, swali kwa swali, kana kwamba hatujawahi kuonana. Nilipomaliza kujibu alinipa kitana, kisha kamba ya Profesa, akaingia ndani bila kutuaga.

Robinson alirudi Desemba. Tulikuwa uani. Profesa alisimama kati yake na mlango, hakubweka, miguu ameikaza, mgurumo wa chini ukimtoka kifuani. Robinson akaweka begi chini, mkono mmoja ameunyoosha hewani, asijue aurudishe ama ausogeze mbele. Alikuwa amekonda.

"Bridget," alisema taratibu. "Mwambie mimi ni wa hapa."

Mtoto alimshika mbwa shingoni. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu, na mimi sikumharakisha.

"Ni wa hapa," akasema hatimaye.