Lita Moja Iliyobaki

Ilipofika saa saba mchana, Katekista Kalisti alikuwa amekwenda chooni mara tisa, na dumu la dawa lilikuwa limevuka nusu kidogo tu.

Usimcheke. Ile dawa ilikuwa lita tatu nzima, chumvichumvi yenye harufu ya limau lililooza, na nesi alikuwa amemkazia macho wakati wa kumkabidhi. "Unywe yote, baba, mpaka haja itoke maji matupu. Ukibakiza uchafu, daktari haoni kitu." Daktari bingwa alikuwa amekuja Sumbawanga kwa siku tatu tu, na kamera yake. Zamu ya Kalisti ilikuwa kesho asubuhi.

Mkewe, Salome, alijua ni dawa ya minyoo. Ndivyo alivyoambiwa na mumewe, mtu anayewafundisha watoto amri ya nane, ile ya kutosema uongo, kila Jumamosi. Kalisti alimdanganya bila kupepesa macho, kwa sababu ukweli ulimtia aibu na woga kwa pamoja. Tangu Kwaresma alikuwa akienda haja kubwa anatoka damu. Kaka yake Zenon alianza hivyohivyo. Zenon akanyamaza, akanywa mizizi, akakonda, na siku walipomfikisha hospitali ilikuwa imebaki kumrudisha kijijini akafie kwake. Kalisti aliogopa kufa kama Zenon. Lakini aliogopa pia watu wajue kwamba kipimo chenyewe huingizwa nyuma. Mwanamume mzima, tena katekista!

Sasa, choo cha nyumba yake pale Kizwite kiko uani, na wapangaji wote wanakitumia. Mvua zilikuwa zimeanza, na wiki nzima watu walikuwa wakinong'onezana habari za kipindupindu huko ziwani. Juzi yake mpangaji mmoja, Atupele, mama wa kutoka Mbeya anayeuza dagaa, alikuwa amerudi kutoka Kirando, hukohuko ziwani, na viroba vinne vya dagaa. Otilia wa chumba cha pembeni alikaa kibarazani anachambua maharage na kuhesabu safari za mwenye nyumba. Ya kumi ilipofika, aliacha maharage akaenda kumwita balozi wa nyumba kumi.

Kwa hiyo kikao kilipoanza uani, Kalisti alikuwa ndani ya choo, amechuchumaa, anasikia kila neno kupitia mlango wa bati.

"Huu ugonjwa umetoka ziwani na viroba hivi," alisema balozi Isdori. "Vichomwe. Na wewe mama, uhame leo hii."

"Shikamoo, balozi," Atupele alisihi. "Hawa dagaa nawala mwenyewe kila siku. Mimi naumwa? Mkivichoma, mimi nitaishije?"

"Katekista tumpe maji ya chumvi na sukari," Isdori aliendelea. "Watu wa afya tutawaita jioni."

Mle chooni, Kalisti alipata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa baya. Kipindupindu ni aibu nyepesi. Kingempata mtu yeyote. Watu wa afya wakija angewanong'oneza ukweli pembeni, kesho angekwenda kupimwa zake, na mtaa mzima ungebaki unamlaumu mama wa dagaa. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa amekuzoea tangu Kwaresma.

Akasikia kiroba kinaburutwa. Akasikia Atupele analia, analia kwa sauti, bila kujali nani anamsikia. Kalisti alijichukia pale pale.

Alitoka ameshikilia suruali kwa mkono mmoja, uso umempauka kwa njaa ya kutokula tangu asubuhi.

"Viacheni viroba vya mama wa watu. Mimi siumwi kipindupindu."

"Sasa katekista, mbona..." Otilia alianza.

"Nimekunywa dawa ya kusafisha tumbo. Kesho hospitali wananiingiza kamera nyuma, wautazame utumbo." Hakuthubutu kumtazama Salome, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Nikienda haja natoka damu."

Kuna mtu alicheka, halafu akajikoholesha. Isdori alivua kofia, akaivaa tena, hajui aifanyie nini. Otilia aliachia kiroba alichokuwa anakivuta.

"Tangu lini?" Ilikuwa sauti ya Salome.

"Tangu Kwaresma."

Salome alihesabu miezi kwa vidole, taratibu, mbele ya watu. Ilikuwa wiki ya pili ya Majilio, Krismasi inakaribia. Alifika tisa akasimama.

"Kama Zenon," alisema.

"Kama Zenon."

Salome akageuka, akaingia ndani. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Atupele alifunga mdomo wa kiroba chake, akasema, "Asante, baba. Mungu akuone kesho." Asante hiyo ilimchoma Kalisti, kwa sababu alijua jinsi alivyokaribia kumwacha afukuzwe.

Aliingia ndani akitegemea kukuta mke analia, au anafunga nguo zake arudi kwao. Salome alikuwa mezani. Alikuwa amepima dawa iliyobaki akakuta lita moja na ushee, na kikombe cha kwanza kilikuwa kimekwisha kujazwa.

"Kunywa."

"Mama Vitus, nisamehe, mimi nili..."

"Nimesema kunywa, Baba Vitus. Ugomvi wetu utasubiri majibu. Miezi tisa umenificha, kwa hiyo nina maneno ya miezi tisa ya kukwambia, na ole wako ufe kabla sijayamaliza."

Alimsogezea kikombe, lakini mkono wake ulikuwa unatetemeka hata dawa ikamwagika mezani. Kalisti aliushika, mkono pamoja na kikombe, akanywa hivyohivyo.