Dakika Mbili za Kwenye Pipa

Ukiambiwa mashine ya akiba ya boti inawaka, usishukuru ukaondoka. Uliza inawaka kwa muda gani, ikiwa imebeba nini, na mara ya mwisho ilisukuma boti lini. Mimi sikuuliza kwa mwaka mzima na nusu, na anayeendesha boti hiyo ni mwanangu wa kumzaa.

Boti yetu ni ya abiria kumi na wawili. Baba yake alipoacha kazi ya majini kwa sababu ya macho, binti yetu ndiye aliyeshika usukani. Nyuma kuna mashine ya nguvu za farasi arobaini, hiyo ndiyo inayofanya kazi kila siku. Ya pili ni ndogo, ya sita, ina tangi lake humo humo kichwani, mtu mmoja anaibeba begani. Hiyo ndiyo akiba. Kubwa ikizima katikati ya maji, ndogo iwafikishe watu nchi kavu.

Kila Jumamosi fundi alikuwa anakuja kuijaribu. Watu wote wanamwita Bisibisi, kwa sababu hana siku anayotembea bila bisibisi nyuma ya sikio, hata harusini. Anaifunga mashine kwenye ukingo wa pipa la maji uani kwangu, anavuta kamba mara moja, inanguruma. Anaangalia kama inatema maji ya kupoza, anahesabu dakika mbili, anazima. Dakika mbili, basi, maana petroli haichotwi kisimani. "Mama, mgonjwa mzima," ananiambia, anailaza stoo, anakunywa chai yake, anakwenda zake. Mimi nalala usingizi wangu.

Sasa Alhamisi moja mashine kubwa ikaanza kukohoa. Binti alirudi na abiria saba, ikamzimikia njiani mara mbili. Bisibisi akasema pampu ya mafuta imechoka, ameagiza nyingine, itafika katikati ya wiki. Kwa sasa ameifungafunga, itajikongoja. Na Jumatatu ilikuwa siku ya mtihani wa darasa la saba. Watoto tisa wa upande wetu walitakiwa wafike ng'ambo kabla ya saa mbili asubuhi, na boti nyingine iliyopo hapa ilikuwa imepandishwa nchi kavu inapakwa rangi. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe nyumbani. Akamwambia binti yangu, "Nahodha, mtoto asiyefika amepoteza mwaka." Binti akasema watafika.

Yeye alisema watafika. Mimi roho ilikuwa juu juu. Watoto wa watu tisa, wangu wa kumi, na kubwa inajikongoja. Kumbe kilichobaki kati yao na maji ni ile ya pipani.

Jumamosi nilimkuta Bisibisi anaifunga kwenye pipa kama kawaida yake. Nikamwambia, "Ifungue hiyo. Leo pipa hatulitaki."

"Unataka niijaribie wapi mama, kwenye sufuria?"

"Kwenye boti. Ivuke mpaka ng'ambo, halafu irudi."

Akacheka, akamtupia macho binti yangu ili wacheke pamoja. Binti hakucheka. Akasema, "Mama, kwa ndogo ni zaidi ya nusu saa, kwenda tu. Na boti tupu si sawa na boti yenye watoto."

"Ndiyo maana haiendi tupu."

Nilikuwa nimejaza madumu ya lita ishirini tangu alfajiri. Kila mtoto madumu mawili, maana mtoto wa darasa la saba hapiti sana kilo arobaini. Mwalimu wa kuwasindikiza nikampa manne, kitambi chake nakijua. Jumla madumu ishirini na mawili. Bisibisi akawa anayapakia huku anayasajili. "Huyu ana kalamu huyu? Wewe, namba yako ya mtihani?" Alipofika dumu la kumi na tano utani ulikuwa umemwishia, anahema tu.

Kuna jambo nililifanya kimya kimya. Mashine kubwa ina kamba nyekundu ya usalama, isipochomekwa haiwaki hata uivute mpaka jioni. Niliichomoa nikaitundika jikoni. Niliwajua hawa wawili. Wakibanwa kidogo tu watawasha kubwa, watarudi, wataniambia jaribio limekwisha salama.

Tukaondoka. Ndogo ikawaka kwa mkupuo mmoja, kama pipani. Boti ilikuwa nzito, inakwenda taratibu kama mama mjamzito sokoni. Mimi nilikaa katikati ya madumu, simu mkononi, macho kwenye saa. Dakika ya pili ikapita. Ya nne. Bisibisi akanikonyeza. "Umeona mama? Wasiwasi wako ungewashwa nao ungetuvusha."

Dakika ya sita mashine ikabadili sauti. Ikapanda kidogo, ikapwaya, ikazima.

Bisibisi akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena mara nne, ikawaka, ikatupeleka kama dakika moja, ikazima tena. Tulikuwa tumefika kwenye mkondo, na mkondo ukatushika ubavu ukaanza kutusogeza upande wa gati la zamani, lile lililovunjwa zikabaki nguzo za zege na vyuma vimechomoza. Kila anayekaa hapa anazijua zile nguzo.

"Washa kubwa," binti akasema.

Fundi akapapasa. "Kamba yake iko wapi?"

"Jikoni," nikasema.

Wakanigeukia wote wawili.

"Jikoni wapi, mama?" Binti aliuliza kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulionitia hofu.

"Kwenye msumari. Karibu na chujio."

"Sawa," akasema Bisibisi. "Ngoja nitume mtu."

Nikaushika ubao wa kukalia, nikawaambia, "Ndogo itatumika lini? Si siku ambayo kubwa imekufa? Basi leo imekufa. Niambieni Jumatatu mtafanya nini na watoto tisa hapa hapa."

Binti alinitazama, akazitazama nguzo. Akasema neno moja, "Nanga." Akaishusha mwenyewe, kamba ikamteleza mikononi, ikakaza. Boti ikageuza pua kuelekea mkondo, ikatulia. Nguzo zilikuwa nyuma yetu, hatua hamsini hivi.

"Sasa hakuna wa kuvuta kamba," akasema, "mpaka tujue."

Bisibisi akafungua plagi, akaigeuza juani. "Kavu. Haipati mafuta. Kabureta imeziba, naishusha sasa hivi."

"Hushushi kabureta kwenye boti inayocheza," binti akasema. "Kile kipini chake kidogo kikiruka majini tumekwisha. Kwanza tuone kama mafuta yapo."

Akashika mfuniko wa tangi akauzungusha. Ule mfuniko ulivuta pumzi. Sina neno jingine. Ulifanya *fsss* ndefu, kama mtoto aliyelia akanyamaza. Petroli ilikuwemo, zaidi ya nusu.

Binti akausogeza mfuniko karibu na jicho. Juu yake pana kiskrubu kidogo, ukubwa wa kifungo cha shati. Ndicho kinachopitisha hewa kwenye tangi. Alinieleza baadaye: mafuta yakitoka lazima hewa iingie, isipoingia tangi linajibana, linagoma kutoa. Mashine inakunywa yale kidogo yaliyokwisha shuka kwenye kabureta, halafu inazima. Ukisubiri, hewa inajipenyeza kidogo, inawaka tena kukudanganya.

"Fundi," akasema, "kiskrubu hiki kimekazwa mpaka mwisho."

"Si mimi. Mimi siku zote nakiacha wazi."

"Basi kimejikaza chenyewe."

"Nahodha, naapa. Tangu nianze kuishika mashine hii sijawahi kukikaza."

"Jumamosi ngapi umekaa na mashine hii? Unavuta kamba, unakunywa chai. Ungekitazama hata mara moja." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na akiishusha hivyo ujue amekasirika kweli. "Watoto tisa, fundi. Jumatatu nikirudi salama nitatafuta mtu mwingine wa kazi hii."

Bisibisi alinywea. Mtu mzima, ana watoto wake watatu, amekaa juu ya dumu la maji na plagi mkononi. Nami nilikuwa nimeshajua tangu alipokitaja kile kiskrubu.

Mashine ile ikishajaribiwa hulazwa stoo, ukuta mmoja na jiko langu. Ilikuwa inavujisha petroli tone tone kwenye kile kiskrubu, nyumba nzima inanuka, na mimi moto nauogopa kuliko maji. Siku moja nikakigusa, nikaona kinazunguka. Nikakikaza kwa kitambaa. Harufu ikakoma. Tangu hapo kila Jumamosi fundi akishatoka nje ya geti, mimi naingia stoo nakaza. Sikumwambia mtu. Kwangu ilikuwa kama kufunika ndoo.

Ningeweza kunyamaza. Niwaambie ukweli, nilinyamaza kidogo, kama muda wa kumeza mate mara tatu.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye ninayekaza. Kila Jumamosi."

Maji yalikuwa yanapiga ubavu wa boti. Halafu Bisibisi akakuna kichwa, bisibisi ikaanguka kutoka sikioni ikagonga dumu.

"Ikilala ni lazima ikazwe," akasema. "Hapo mama hukukosea. Mimi ndiye niliyepaswa kukikaza kabla sijailaza, nikakuachia inavuja ndani kwako. Lakini ukikaza si uniambie?"

"Na wewe ukiwasha si utazame?" binti akamjibu. Kisha akanigeukia. "Na kamba nyekundu, mama?"

"Hiyo nitaijibia nyumbani."

"Utaijibia sana."

Akakilegeza kile kiskrubu, akarudisha plagi, akavuta kamba. Ikawaka. Nanga ikapanda. Nami nikaanza kuhesabu upya. Dakika ya sita ilipofika fundi alikuwa ameinamisha sikio kwenye mashine kama anayesikiliza mlango wa jirani. Ya saba. Ya kumi. Nguzo zikabaki nyuma, zikawa vijiti. Dakika ya thelathini na nne tukagusa ng'ambo na madumu yetu ishirini na mawili, hakuna hata moja lililochelewa mtihani. Tukaongeza petroli, tukarudi.

Siku ile ile mchana tuliikalisha mashine chini tukaifanyia kila kitu. Tuliisuuza kwa maji matamu, tukaiacha inanguruma pipani mpaka jirani akalalamika, tukabadilisha plagi na oili ya gia. Propela ilikuwa na kamba ya nyavu imejisokota ndani, hakuna aliyekuwa na habari nayo. Bisibisi alikuta na jambo jingine: zile skrubu mbili za kubana mashine kwenye boti zilikuwa zimelegea kwa kule kuvuka mara mbili. Pipani zisingelegea kamwe. Akaongeza mnyororo. Mashine ikahama stoo, ikajengewa kibanda cha bati uani, mbali na jiko. Tukakubaliana mambo mawili. Anayelaza anakaza, anayewasha analegeza, na kila mmoja anasema kwa sauti hata kama yuko peke yake, hata kama wanamcheka. Na jaribio ni majini, na mzigo, kwa muda ule ule ambao watu wangehitaji kufika.

Jumapili jioni binti alikaa na mimi jikoni. Akasema, "Kubwa siiamini. Watoto nitawavusha na ndogo, tangu mwanzo. Tutaondoka saa kumi na mbili kasoro. Kubwa ndiyo itakuwa akiba."

Nilitaka kumwambia asiende kabisa. Lakini nilikuwa nimeiona ile mashine ikipiga dakika thelathini na nne, na nilikuwa nimemwona yeye akishusha nanga. Nikamshikisha kamba nyekundu mkononi. Akaitia mfukoni.

Asubuhi watoto walipanda, wana macho mekundu kwa kukesha na madaftari, mmoja analalamika kwamba boti inakwenda kama konokono na wao si mayai. Binti akamwambia ashike kalamu yake, usukani amwachie yeye. Kisha akasema kwa sauti, "Hewa wazi." Mwalimu hakuelewa, lakini Bisibisi aliitikia kutoka ufukoni, "Wazi." Wakaondoka.

Mimi nilisimama pale pale na simu. Dakika ya sita nilifumba macho. Mlio haukubadilika. Nikausikiliza ukipungua, ukawa kama nyuki, ukawa kama kitu unachokidhania tu, na bado nilisimama. Bisibisi alinishika kiwiko akaniambia twende. Nikamwambia atangulie.

Saa kumi na mbili na nusu simu ikalia.

"Tumefika. Wameshaingia getini. Na usiniulize ni dakika ngapi."

"Ngapi?"

Akacheka kidogo. "Thelathini na sita. Mwalimu ni mzito kuliko madumu manne."